Mfarishi Hushonwa Kati ya Kengele na Kengele

Wewe uliyeko Moshi mjini, uliyeko Rombo, Same au Arusha, na wewe unayenisikiliza huku umeshika kazi mkononi, usiiweke chini, endelea nayo. Mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe hasa.

Mimi nashona mifarishi. Kwa asiyewahi kuuona, mfarishi ni shuka nene la tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa kwa mpango, katikati blanketi au pamba, chini kitambaa kizima, kisha tabaka zote zikashikanishwa kwa mishono inayopita toka juu hadi chini. Huku kwetu mlimani, Juni na Julai, anayelala chini ya mfarishi anajua thamani yake. Nashona pia sare za shule, kwa sababu sare ndizo zinazoleta hela ya mboga, na mifarishi ndiyo inayokula muda. Na mimi ni mzazi wa watoto watatu. Mkubwa yuko bweni, kidato cha pili, wa kati yuko darasa la tano, na kitindamimba ameanza darasa la kwanza. Siku zangu zinapangwa na shule, na ushonaji unapita katika nafasi ambazo shule imeziacha.

Nimekuja na neno moja. Muda wa mama anayeshona nyumbani ni muda wa kazi, kama ulivyo muda wa karani au dereva, na unapaswa kuheshimiwa na kulipwa. Nasema hivi kwa sababu kila mara nasikia mtu akisema, tena bila nia mbaya, "Fulani yupo tu nyumbani, anashonashona." Yupo tu! Mtu huyo huyo jioni atavaa shati lililoshonwa na huyo aliyepo tu, na mwanawe atakwenda shule na sketi iliyotoka mikononi mwake.

Hebu nikueleze siku inavyokwenda, maana ukiielewa siku utaielewa na bei.

Alfajiri si wakati wa sindano. Ni wakati wa uji, maji ya kuoga, soksi moja isiyoonekana na daftari la Kiswahili lililosahauliwa chini ya kochi. Watoto wakishavuka lango, nyumba inatulia, na hapo ndipo nafanya kazi ile inayotaka utulivu kuliko zote, nayo ni kukata. Kukata kunataka meza tupu, mwanga wa dirisha na kichwa kisichogawanyika. Mkasi wa nguo haukati karatasi, na katika nyumba yenye mtoto wa darasa la kwanza mkasi hauachwi mezani hata kwa dakika ya kwenda kuzima jiko. Kwa hiyo nakata asubuhi, nahesabu vipande, navifunga mafungu kwa uzi, naviweka juu ya kabati.

Baada ya hapo ni cherehani na pasi. Cherehani yangu ni ya miguu, haiulizi kama LUKU ya umeme ina uniti. Naunganisha vipande viwili viwili mfululizo bila kukata uzi katikati, vinatoka nyuma ya mashine vimefuatana kama bendera za sherehe, kisha nakuja kuvitenganisha kwa mkasi mara moja. Njia hii inaokoa uzi na inaokoa zaidi muda. Pasi inafuata palepale. Mshono usiopigwa pasi kabla ya kuungwa na mwingine utakusumbua hadi mwisho, na mwelekeo wa kuulaza ni upande wa kitambaa chenye rangi nzito, ili kivuli cha upindo kisionekane kupitia kitambaa cheupe. Pasi ya mkaa haikai pamoja na mtoto mdogo, kwa hiyo ikifika adhuhuri, kitindamimba akiingia na vumbi lake na hadithi zake, pasi imeshazimwa na mkaa umeshamwagiwa maji.

Mchana ni wa chakula, wa kufua, wa mteja anayekuja kupimwa. Yule wa kati anarudi alasiri. Jioni baada ya chakula, watoto wakikaa mezani na kazi za nyumbani, mimi nakaa nao na sindano ya mkono. Mshono wa mkono unaweza kuuacha popote na kuurudia. Mtoto akiuliza mji mkuu wa Msumbiji, unainua kichwa, unamjibu, unaendelea pale ulipoishia. Cherehani haitaki hivyo. Ukiwa katikati ya mstari mrefu wa kushikanisha tabaka tatu na mtu akakuita, tabaka ya chini inateleza, na mkunjo utauona kesho yake mchana, ukiwa umeshaupita kwa mistari mitatu.

Hiyo ndiyo siku isiyo na jambo. Lakini siku za mwezi wa shule zina mambo. Kuna mkutano wa wazazi. Kuna mtoto aliyerudishwa kwa homa. Kuna ujumbe unaoingia usiku kwenye kundi la WhatsApp la wazazi kwamba kesho kutwa watoto wa ngonjera wavae kanga za kufanana, na saa ile ile simu za mafundi wote wa mtaa zinaanza kuita. Sisemi shule zisifanye ngonjera. Napenda sana kumwona mtoto jukwaani, na nitashona usiku kucha akitaka kupanda jukwaani amependeza. Ninachosema ni kwamba usiku huo kucha upo, una mtu ndani yake, na mtu huyo asubuhi atachemsha uji kama kawaida.

Sasa, msikilizaji, kama una kalamu karibu, ichukue, tufanye hesabu kidogo. Kitanda cha bweni kwa kawaida huchukua godoro la futi mbili na nusu kwa sita, yaani inchi 30 kwa 72. Mfarishi wa kumtosha mwanafunzi naukadiria inchi 54 kwa 90. Upana ule unaning'inia inchi 12 kila upande, na urefu unabakiza wa kujifunika hadi masikioni. Nautengeneza kwa miraba ya inchi 6. Lakini huwezi kukata inchi 6, kwa sababu kila upande unaachia robo inchi ya kushonea, kwa hiyo unakata inchi 6 na nusu. Miraba tisa kwa upana, kumi na tano kwa urefu: jumla 135. Kila mmoja umepimwa, umechorwa kwa chaki, umekatwa, umeunganishwa, umepigwa pasi.

Twende mbele. Tuseme mkono wangu umechoka, na badala ya robo inchi kamili nashona nikizidisha sehemu moja tu ya kumi na sita ya inchi. Ni unene wa nyuzi chache, si rahisi kuugundua kwa macho. Kila mshono umekula kidogo hicho pande zote mbili, kwa hiyo ni moja ya nane. Kwa upana kuna mishono minane, na moja ya nane mara nane ni inchi nzima. Kwa urefu kuna mishono kumi na minne, nako kumepotea inchi moja na robo tatu. Mstari mmoja ukishonwa hivyo na mwingine ukashonwa sawasawa, miraba haitakutana kamwe, na mfarishi utajikunja katikati hata uupige pasi mwezi mzima.

Hesabu hii niliifanya na binti yangu wa darasa la tano mezani, wakati shuleni walikuwa kwenye sehemu. Alikuwa anaweza kuzijumlisha kwenye daftari lakini hakuwa anajua zinaishi wapi. Nilimpa futi kamba, nikamwonyesha vile vistari vidogo kati ya inchi na inchi, nusu, robo, moja ya nane, moja ya kumi na sita, akavihesabu kwa ncha ya kidole. Tangu jioni ile yeye ndiye anayepima mifarishi yangu kabla sijaunganisha mistari, na akikuta imepungua ananiambia bila kunionea haya. Naamini kabisa kwamba futi kamba ni kifaa cha kufundishia ambacho kipo katika nyumba nyingi na hakitumiki.

Tuje kwenye kalenda. Mwaka wa shule hapa Tanzania unaanza Januari, na kila fundi cherehani anajua maana ya Januari. Tangu mwaka 2016 serikali ilipoondoa ada katika shule za umma, watoto wengi zaidi wanaandikishwa, jambo la kushukuru sana. Lakini sare bado ni ya mzazi, na mzazi, akiwa na mawazo ya Krismasi, nauli na pembejeo, anaikumbuka sare Jumamosi ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa. Anakuja na mtoto mkononi na kitambaa cha bluu kwenye mfuko wa kaki, anataka sketi ya marinda Jumatatu asubuhi. Na si yeye peke yake. Foleni iko hadi barabarani. Sketi ya marinda si ya kubumbabumba. Kila rinda linapimwa, linabanwa kwa pini, linapigwa pasi, linashonwa mkandani. Na fundi anayekujali anaachia upindo mpana chini, ili mwakani mtoto akirefuka uufungue na usinunue sketi mpya. Fundi aliyelazimishwa kushona sketi kumi usiku mmoja hataachia upindo huo. Hana nafasi ya kuufikiria. Hasara inakurudia mzazi.

Juni inakuja na mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, kwa hiyo kuna bukta na fulana za kuwekwa namba. Inakuja pia na baridi, na hapo simu za mifarishi zinaanza. Septemba ni mtihani wa darasa la saba, na mahafali yake ni magauni na mashati ya mapambo. Halafu inakuja Novemba. Kidato cha nne wako kwenye mitihani, mtaa umepoa, fundi ana nafasi, mwanga wa jua ni mwingi. Mwezi mzuri wa kushona sare ni huo. Na ndio mwezi ambao meza yangu huwa haina sare hata moja.

Mabaki ya sare, nikitaja kwa kupita, hayaingii kwenye mfarishi wa vitenge. Kitambaa cha sare kwa kawaida kina polista ndani yake, na kitenge kizuri ni pamba tupu. Pasi inayonyoosha pamba itaichoma polista, na pamba hurudi ikifuliwa wakati polista inabaki ilivyo, kwa hiyo baada ya kufuliwa mara chache mfarishi unakunjamana. Kama hujui kitambaa ulichoshika ni kipi, chomoa nyuzi zake chache uziwashe kiberiti mbali na watoto: pamba inaungua kama karatasi na kuacha majivu laini, polista inayeyuka na kuganda kijidonge kigumu. Kitenge kipya kiloweke kwanza kwenye maji baridi, ukikamue kwenye kitambaa cheupe uone kama rangi inatoka. Nyekundu ndiyo ya kuogopwa zaidi. Mabaki ya polista nayashonea mifuko ya madaftari na vitambaa vya kushikia sufuria, na hakuna kinachotupwa.

Sasa nataka tuzungumze bei, na kwa hili nitakupeleka mbali kidogo, hadi jimbo la Georgia, Marekani. Mwanamke aitwaye Harriet Powers alizaliwa huko mwaka 1837 akiwa mtumwa. Utumwa ulipokwisha aliishi na familia yake kwa kilimo, na alishona. Mwaka 1886 alipeleka mfarishi wake kwenye maonyesho ya pamba katika mji wa Athens. Ulikuwa na picha kumi na moja za visa vya Biblia, zilizokatwa kwa kitambaa na kubandikwa kwa mshono: Adamu na Hawa, Kaini na Habili, ngazi ya Yakobo, ubatizo, msalaba. Mwalimu mmoja wa sanaa, Jennie Smith, aliuona akaupenda, akataka kuununua. Powers akakataa. Hakuwa anauza. Miaka michache baadaye maisha yakambana, akarudi kwa yule mwalimu na mfarishi wake, akataja dola kumi. Alipewa tano.

Alipouacha alieleza maana ya kila picha, na yule mwalimu akaandika maelezo hayo, nasi tunamshukuru kwa hilo. Na imeandikwa kwamba Powers alirudi zaidi ya mara moja kuuangalia tu. Leo mfarishi huo unatunzwa Washington katika makumbusho ya Smithsonian, na mwingine wa mkono wake uko Boston. Dola tano, msikilizaji. Mimi kila mteja anaponiambia "Punguza, si viraka tu," namfikiria mama yule. Aliyeshona anajua kazi ni ya kiasi gani, na mwenye shida anaiuza kwa bei ya shida. Ndiyo maana naona kumpunguzia fundi bei kwa sababu umemwona ana dhiki ni dhuluma, hata kama imefanywa kwa tabasamu.

Kuna Mmarekani mwingine mweusi ambaye maisha yake yananitia moyo kwa njia nyingine, kwa sababu yeye aliishi kati ya shule na sindano waziwazi. Faith Ringgold alizaliwa Harlem, New York, mwaka 1930. Utotoni alisumbuliwa na pumu, akawa anakaa sana nyumbani, na mama yake, Willi Posey, aliyekuwa mshonaji na mbunifu wa mavazi, alimpa vitambaa na sindano. Ringgold alikuwa mwalimu wa sanaa katika shule za umma za jiji hilo tangu 1955 hadi 1973. Alilea mabinti wawili. Alichora katika muda uliobaki. Kisha akaingia kwenye nguo, na mwaka 1980 yeye na mama yake wakashona pamoja mfarishi wao wa kwanza wenye nyuso za watu wa Harlem. Mama alifariki mwaka uliofuata. Binti akaendelea, akaanza kuandika hadithi juu ya mifarishi yenyewe, na ule wa mwaka 1988 unaoonyesha familia ikipumzika juu ya paa la nyumba usiku wa joto ukawa pia kitabu cha watoto, Tar Beach, mwaka 1991. Alifariki mwaka 2024 akiwa na miaka 93.

Ninachokiona kwake ni kwamba kuwa mwalimu na kuwa mama hakukumfanya awe msanii wa ziada ziada. Alipanga. Na nguo ilimsaidia, kwa maana nguo inakunjwa, inabebwa begani na mtu mmoja, haihitaji ukumbi wala lori. Mama yeyote anayeshonea kwenye meza ile ile ya chakula anaelewa hilo mara moja. Saa mbili usiku kazi inakunjwa, sahani zinapangwa.

Wala tusidhani viraka ni mambo ya Wamarekani tu. Huko pwani yetu husimuliwa kwamba katika karne ya 19, kabla ya kanga kuchapwa ikiwa nzima, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wananunua vitambaa vya mkono vikiwa bado havijatenganishwa, wakaviunga sita, vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo moja kubwa ya kujifunga. Na ng'ambo ya Bahari ya Hindi, katika jimbo la Karnataka huko India, wako watu waitwao Siddi, wenye asili ya Afrika, ambao wazee wao walivushwa bahari kwa utumwa, na wengine wakawa askari na mabaharia. Wanawake wao wanashona mifarishi iitwayo kawandi kwa nguo zilizochakaa, kwa mkono mtupu. Wanaanzia pembezoni na kuzunguka kuelekea katikati, kila kiraka kinakunjwa ukingo na kupigwa mstari wa mshono mwepesi unaoshika tabaka zote kwa pamoja. Kwenye pembe nne wanapachika vitambaa vilivyokunjwa pembetatu, wanaviita maua, na bila maua hayo wanaona mfarishi uko uchi.

Mimi njia hii naipenda kwa sababu inamfaa mama mwenye mtoto mdogo. Haidai meza, haidai kupima miraba 135, haidai cherehani wala umeme. Inakaa mapajani. Unaweza kushona ukiwa kwenye benchi la zahanati ukisubiri zamu, au uwanjani ukisubiri mbio za mita mia za mwanao. Kama hujawahi kushona na unataka kuanza, anza hivyo, na nguo ambazo watoto wamezipita umri. Shati la darasa la kwanza, gauni la ubatizo, kanga ya bibi iliyochanika pindo.

Na watoto wenyewe? Nasikitika nikiona kijana amemaliza kidato cha nne na hajui kurudisha kifungo cha shati lake. Sera ya elimu ya mwaka 2014, katika toleo lake la 2023, imerudisha mafunzo ya amali katika sekondari, na mimi ni miongoni mwa waliofurahi. Vyuo vya ufundi vya VETA vimekuwa vikifundisha ushonaji kwa miaka mingi. Lakini nyumbani tusingoje sekondari. Mtoto wa darasa la tatu anaweza kushona kifungo, kupinda ukingo, kupiga bandi. Wa kiume pia, na hili nalisema kwa mkazo. Mafundi wengi wa cherehani barazani mwa maduka ya vitambaa ni wanaume, sasa kwa nini kijana wako nyumbani aone sindano ni ya dada yake? Mwanangu wa bweni alichukua sindano na uzi pamoja na ndoo na godoro, na sasa anawashonea wenzake sare zilizochanika.

Nirudi kwa wenzangu mnaoshona. Nunueni daftari la kurasa chache, na kila mnapokaa kwenye kazi andikeni saa ya kuanza na saa ya kuacha, hata kama ni nusu saa ya jioni mkiwa na mtoto anayefanya hesabu. Mfarishi ukiisha, jumlisheni. Wengi wetu tunataja bei kwa kuhesabu kitambaa na uzi na kuongeza kidogo cha juu, na kile kidogo ndicho tunachokiita mshahara. Ukiwa na saa zako kwenye karatasi, utazungumza na mteja kwa sauti nyingine. Hutabishana naye, utamwonyesha. Na kianzio kichukuliwe kabla mkasi haujagusa kitambaa, cha kutosha gharama ya vifaa, kwa sababu mfarishi ulioshonwa ukakimbiwa na mteja ni ada ya mtoto iliyolala kabatini.

Walimu wangu wapendwa, mnafanya kazi kubwa na sisi wazazi tunaiona. Ombi langu kwenu ni taarifa. Ngonjera, mahafali, michezo, siku ya wazazi, yote haya mnayajua mapema mnapopanga muhula. Tuambieni wiki mbili kabla, na rangi ya nguo mtuambie siku hiyo hiyo. Mtampata mtoto aliyevaa vizuri na mama aliyelala.

Na wewe baba, au shangazi, au kaka mkubwa ndani ya nyumba, ukimkuta mama wa watoto yuko kwenye mstari mrefu wa cherehani na mtoto anataka maji ya kunywa, mpe wewe. Ni kikombe cha maji. Kwake ni mstari mzima ulionyooka.

Mzazi mwenzangu unayenisikiliza, sare ya Januari ipeleke kwa fundi Novemba. Mpeleke mtoto akapimwe, toa kianzio, muombe aachie upindo mpana. Ukiona bei ni kubwa, muulize imemchukua saa ngapi kabla hujamwambia apunguze.